Kwa Nini Meza ya Kukunja Inacheza, na Jinsi ya Kuipa Miguu Imara

Meza ya kukunja ikianza kucheza, lawama ya kwanza huiangukia miguu: ni miembamba. Mteja anarudi kwa fundi kutaka miguu minene, fundi anaongeza chuma na bei, na baada ya miezi michache meza inacheza vilevile, ila sasa ni mzigo kuibeba. Nimeyaona haya kwa mama lishe, kwa wauza vocha na kwa wanaokodisha vifaa vya sherehe, na yananiuma kwa sababu fedha ya mtu wa kipato kidogo inawekwa mahali pasipo na tatizo.

Chukua skwea paipu ya inchi moja yenye ukuta wa milimita 1.5, ile ya kawaida kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kata kipande cha sentimita 72 na ukisimamishe wima sawasawa. Kwa hesabu, kipande hicho kimoja hubeba zaidi ya tani 2 kabla hakijajipinda, na meza ina miguu minne. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, sufuria kubwa ya wali haifiki mbali zaidi ya hapo, na mtu mzima akikaa juu ya meza ameongeza kilo 70 au 80. Uzito wa kwenda chini haujawahi kuwa adui wa meza hizi. Adui ni msukumo wa ubavuni: mteja anayeegemea, mkono unaokata vitunguu kwa kasi, meza inayoburutwa kutoka kivulini bila kuinuliwa.

Meza isiyokunjwa hupambana na msukumo huo kwa sababu mguu wake umeungwa moja kwa moja na fremu ya juu. Meza ya kukunja tumeinyima uungaji huo kwa makusudi, tukaweka bawaba. Kazi nzima ya kusanifu miguu yake ni kurudisha uimara tuliouondoa, kwa njia ambayo mtu anaweza kuitoa jioni na kuirudisha asubuhi bila spana.

Tuanze na hesabu ndogo, maana inaeleza karibu kila kitu. Tuseme mguu mmoja una urefu wa sentimita 72 kutoka kwenye bawaba hadi chini, na unapata msukumo wa ubavuni wa kilo 10. Mguu ni wenzo. Kama kinachouzuia usijikunje ni bawaba peke yake, ile yenye kikomo kinachokaza ukiufungua, na skrubu zake zimeachana kwa sentimita 4, basi zile kilo 10 za chini zinafika juu zikiwa zimezidishwa mara 18. Ni kilo 180 zinazong'oa skrubu fupi kutoka kwenye plaiwudi. Hakuna skrubu ya namna hiyo itakayovumilia kwa muda mrefu. Kwanza tundu linapanuka kidogo, halafu meza inaanza kucheza, halafu siku moja bawaba inatoka na vipande vya mbao.

Sasa ushike mguu huohuo chini zaidi. Weka sapoti ya mshazari inayokutana na mguu sentimita 30 chini ya bawaba, na upande wa pili ikutane na meza sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Msukumo uleule wa kilo 10 sasa unaleta kilo 30 tu ndani ya sapoti, kwa urefu wake. Kutoka 180 hadi 30, bila kuongeza unene wa mguu hata kwa milimita moja. Kilichobadilika ni umbali kati ya pale mguu unapozungukia na pale unaposhikwa.

Umbali huo ndio pia unaotawala kucheza kwa meza. Kila kiungo kinachozunguka lazima kiwe na nafasi kidogo, la sivyo hakizunguki. Nafasi ya milimita 1 kwenye bawaba ya sentimita 4 inafika chini ya mguu ikiwa milimita 18, karibu sentimita mbili za kuyumba. Nafasi hiyohiyo ikiwa pale sapoti inapoushika mguu, sentimita 30 chini, inafika sakafuni kama milimita 3. Kwa hiyo fundi mwenye drili ya kawaida, ambaye matundu yake hayana usahihi wa kiwandani, anaweza kutengeneza meza tulivu kuliko ile ya dukani yenye bawaba nzuri inayong'aa, mradi viungo vyake vimepewa umbali.

Nguvu ya sapoti inatokana na pembetatu. Ukiunga fito nne kwa misumari minne kupata umbo la mstatili, halafu ukalisukuma kwa ubavu, litalala. Ukiunga fito tatu, halilali, hata kila kiungo kikiwa kinazunguka, kwa sababu pembe haziwezi kubadilika bila urefu wa ufito kubadilika. Mguu, meza na sapoti vinafanya pembetatu. Ugumu ni kwamba pembetatu isiyobadilika haikunjiki pia. Ili meza ikunjwe, upande mmoja wa pembetatu lazima uvunjike kwa hiari yako, na upande huo ni sapoti. Tunaikata vipande viwili na kuviunga kwa pini katikati, kama kiwiko cha mkono.

Hapa ndipo meza nyingi za mtaani zinapoharibikiwa, kwa sababu kiwiko kinawekwa kwa kukisia. Fundi anakata sapoti nusu kwa nusu, anaunga, meza inafunguka vizuri, lakini ikikunjwa miguu inabaki imenyanyuka kama kuna kitu kimekwama ndani. Anapanua tundu ili ilale, na hapo ameshaleta kucheza. Kumbe vipimo vya kiwiko havikisiwi.

Mafundi wote wa ujenzi wanaijua tatu-nne-tano, ile ya kupima kona ya msingi iwe mraba. Ndiyo hiyohiyo. Mguu ukiwa wima, sentimita 30 kwenye mguu na sentimita 40 kwenye meza zinaleta sapoti ya sentimita 50 kutoka pini hadi pini. Hiyo ni jumla ya vipande viwili. Meza ikikunjwa, mguu umelala kwenye uso wa chini wa meza: pini ya mguu iko sentimita 30 kutoka kwenye bawaba, pini ya meza iko sentimita 40, na kati yao ni sentimita 10. Ili vipande vilale bapa, tofauti ya urefu wao lazima iwe hiyo 10. Jumla 50, tofauti 10: vipande ni sentimita 30 na 20. Hakuna jibu lingine. Ukibadilisha vipimo vya meza yako, kanuni inabaki: jumla ya vipande ni urefu wa sapoti ikiwa imenyooka, na tofauti yao ni tofauti ya umbali wa pini mbili kutoka kwenye bawaba. Sharti moja tu: pini ya bawaba, pini ya sapoti kwenye mguu na pini ya sapoti kwenye meza ziwe kwenye mstari mmoja wakati meza imekunjwa. Kibao cha kushikia sapoti kikiwa kirefu kuliko cha bawaba, hesabu inavurugika.

Kipande kipi kikae wapi? Mimi huweka cha sentimita 30 upande wa meza na cha 20 upande wa mguu. Kwa mpangilio huo kiwiko hujikunja kwa kuingia juu, kuelekea kona ya bawaba, na kikifunguka hushuka kwa uzito wake chenyewe. Ukivigeuza, meza itakunjika pia, lakini kiwiko kitapanda kwenda kufunga na kushuka kwenda kukunja, kwa hiyo uzito wa sapoti utakuwa unafanya kazi dhidi yako siku nzima.

Bado kuna hatari moja. Sapoti iliyonyooka kabisa iko kwenye ncha ya kisu: msukumo mdogo kwenye kiwiko, goti la mteja kwa mfano, unaweza kuikunja huku sufuria ikiwa juu. Dawa yake ni kukiacha kiwiko kivuke mstari kidogo, milimita 5 hivi upande wa chini, kisha kikutane na kizuizi: kipande kidogo cha chuma kilichochomelewa kwenye nusu moja ili nusu nyingine ikigote hapo. Sasa msukumo unaojaribu kufupisha sapoti unakiminya kiwiko kwenye kizuizi badala ya kukirudisha juu. Na hesabu yake inapendeza: kuvuka mstari kwa milimita 5 kunafupisha umbali kati ya pini za mwisho kwa sehemu ya kumi tu ya milimita. Mbao na chuma vinanyumbuka kiasi hicho bila kulalamika, ndiyo maana mkono husikia "tak" sapoti inapopita mstari na kutulia. Ukitaka kuikunja, unasukuma kiwiko juu kwa kidole gumba. Kwa meza za sherehe zinazobebwa na vijana wengi wasiozijua, ongeza pete ya kuteleza juu ya kiwiko au pini ya kuchomeka. Si lazima kwa nguvu, ni kwa ajili ya watu.

Wazo la mzigo kukaza badala ya kulegeza si geni pwani. Mbuzi ya kukunia nazi ni kiti cha kukunja, na haina komeo wala pini ya kuchomeka. Mbao mbili zimepishana, moja imepenya ndani ya nyingine, na mkaaji anapokaa uzito wake unataka kuzitanua zaidi, lakini zimeshagota kwenye mkato wa mbao zenyewe. Aliye mzito zaidi huikaza zaidi. Marufaa ya kuwekea msahafu hufuata njia hiyohiyo, tena mara nyingi imechongwa kutoka ubao mmoja, bawaba yake ikiwa ni mbao zilizopishana vidole. Ni usanifu wa hali ya juu, na ninashangaa kwamba tunaununua tena kutoka nje bila kuutazama uliomo jikoni.

Je, basi meza nayo ifanywe kwa miguu ya kupishana? Inawezekana, na kwa meza ndogo ni njia rahisi. Miguu ya sentimita 100 iliyopishana katikati na kutanuliwa sentimita 70 inasimama kwa kimo cha sentimita 71 na ushee. Lakini ijue gharama yake. Kwanza, kwa kutanuka kiasi hicho, mzigo wa kwenda chini unageuka kuwa mvuto wa pembeni unaokaribia kulingana na mzigo wenyewe: jozi inayobeba kilo 40, kwenye sakafu inayoteleza, inakivuta kishikizo cha juu, kile kinachoizuia miguu isitanuke, kwa karibu kilo 40. Kishikizo kikiachia, meza yote inashuka mara moja. Pili, kila sentimita ya kutanuka inaishusha meza kwa karibu sentimita nzima, kwa hiyo jozi mbili zisizolingana zinatoa meza iliyoinama. Tatu, mguu hupindwa kwa nguvu zaidi palepale tulipoutoboa. Hili la tatu linavumilika kama tundu limepita katikati kabisa ya upana wa mbao. Kwenye mbao iliyosimama kwa kimo cha sentimita 5, tundu la milimita 10 katikati linapunguza nguvu ya kupinda kwa chini ya asilimia 1, maana nyuzi za katikati hazifanyi kazi kubwa. Nyuzi za ukingoni ndizo zinazobeba, na tundu likisogea kuelekea huko, mguu utapasuka. Kwa meza ya biashara inayofunguliwa kila siku, mimi nachagua fremu yenye bawaba na kiwiko.

Sapoti tuliyoizungumzia inazuia kuyumba kwa urefu wa meza. Kuyumba kwa upana ni jambo jingine, na linasahaulika sana. Miguu miwili ya upande mmoja inabidi iungwe iwe fremu: mlalo juu, mlalo chini, sentimita 10 hivi kutoka sakafuni. Kwa chuma, pembe zilizochomelewa vizuri pande zote zinatosha. Kwa mbao, ule mlalo wa juu uwe mpana, sentimita 10 badala ya 4, na ulimi wake uingie ndani ya mguu, kwa sababu ileile ya umbali. Kama mbao pana haipatikani, ubao mmoja wa mshazari kwenye fremu utafanya kazi nzuri kuliko misumari kumi ya ziada.

Matundu yenyewe yanahitaji heshima. Bolti ya milimita 8 ikipita kwenye paipu yenye ukuta wa milimita 1.5 inaegemea kingo mbili nyembamba, jumla yake milimita za mraba 24. Kila mara meza inapofunguliwa kingo hizo zinalika, na tundu la duara linakuwa yai. Pia ukikaza nati, paipu inabonyea kwa sababu ndani ni tupu. Chomelea bushi, yaani kipande kifupi cha bomba linalopitisha bolti hiyo, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kwa paipu ya milimita 25, eneo la kuegemea linafika milimita za mraba 200, mara nane zaidi, na nati inaweza kukazwa bila kuponda kitu. Ukiniuliza kitu kimoja cha kumlipa fundi wa kuchomelea hela ya ziada, ni bushi. Tumia nati yenye plastiki ndani, au nati mbili zinazokazana, kwa kuwa kiungo kinachozunguka hulegeza nati ya kawaida. Weka washa kila upande.

Kwenye meza ya mbao, usitegemee skrubu kwenye plaiwudi ya milimita 18 peke yake. Gundisha na kupigilia kipande cha mbao ngumu chini ya meza pale bawaba na sapoti zinapokaa, halafu pitisha bolti moja kwa moja hadi juu, kichwa kikizamishwa. Mbao za chenga zilizogandishwa kwa gundi hazifai kabisa kwa viungo hivi. Mninga una sifa njema ya kutulia baada ya kukauka, na ukipatikana kwa vipande vidogo unatosha kwa vishikizo hata kama miguu ni ya paina. Paina ikinunuliwa ikiwa bado mbichi, itasinyaa kwa upana na unene wake na kuziacha bolti zikiwa legevu, hivyo zikazwe tena baada ya mwezi.

Kuna swali la nafasi ambalo ni bora kulijibu kwenye karatasi kabla ya kukata. Meza ya futi nne ina sentimita 120 hivi. Ukiweka bawaba sentimita 8 kutoka kila mwisho, kati yake kunabaki 104, na miguu miwili ya sentimita 72 inahitaji 144. Itagongana kwa sentimita 40. Suluhisho ni fremu moja kuwa nyembamba ili ilale ndani ya nyingine: ya nje ikiwa na upana wa sentimita 55, ya ndani iwe 47, ikiacha nafasi ya unene wa miguu, sapoti na vichwa vya bolti. Meza ya futi sita, yenye sentimita 183, haina tatizo hili. Kati ya bawaba zake kunabaki 167.

Wengine hukwepa kugongana kwa njia ya kufupisha miguu, na meza inakuwa ya kuinamia. Wala usizisogeze bawaba ndani zaidi ili kurahisisha kazi, kwa sababu hapo meza itapinduka. Meza ya futi nne yenye kilo 15, miguu yake ikiwa sentimita 20 ndani ya kila mwisho, inapinduka mtu akiweka kilo 30 tu ukingoni. Miguu ikiwa sentimita 8 ndani, inahitaji zaidi ya kilo 97. Anayekaa mwishoni mwa meza kusubiri chai hatakuuliza kama uliipigia hesabu.

Chini kabisa, ardhi. Miguu mitatu hukaa popote, minne hupata shida penye mawimbi ya sakafu, na watu huchanganya shida hiyo na kulegea kwa viungo. Chomelea nati kwenye ncha ya kila mguu na uingize bolti yenye kichwa kipana, iwe ya kupandisha na kushusha. Kwa mchanga wa pwani, bolti zitazama, hivyo tumia mlalo bapa unaounganisha miguu miwili chini.

Kabla ya rangi, jaribu. Fungua meza, igeuze miguu juu, shika ncha ya mguu na uisukume na kuivuta kwa urefu wa meza. Kama kila pini kati ya tatu za sapoti ina nafasi ya nusu milimita, ncha itasogea karibu milimita 4.5. Ikisogea zaidi ya hapo, tafuta tundu lililopanuliwa, na mara nyingi utalikuta kwenye kiwiko. Kisha isimamishe, kaa ukingoni mwake mwenyewe, mtu mwingine aisukume ubavuni, na usikilize kama kile kizuizi kidogo kinalia. Kikilia, hakijagotana sawasawa na kinahitaji tupa.